Mlinganyo wa kikemia unaokataa kukaa sawa: mwongozo kamili wa kuuandika na kuusawazisha

Kosa ni lilelile, na linarudi kila muhula. Mwanafunzi anapewa haidrojeni na oksijeni zitengeneze maji. Anaona oksijeni kushoto ni mbili na kulia ni moja, basi anaigeuza H₂O kuwa H₂O₂ na kufunga daftari. Alama hapati. Anakuja juu: "Mbona pande zote zinalingana, mwalimu?" Zinalingana kweli, ila hayo si maji tena. Ni haidrojeni paroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda inayouzwa duka la dawa.

Wanaokwama kwenye kazi hii hapa Mwanza, kidato cha pili na cha tatu, sijaona wakishindwa hesabu. Hesabu yenyewe haizidi ya konda anayerudisha chenji kwenye daladala ya Buhongwa. Wanakwama kwa sababu wameanza kusawazisha kitu ambacho hakijaandikwa sawa, au wamegusa namba isiyoguswa. Ndiyo maana hatua za mwanzo humu ni ndefu kuliko za mwisho. Usiziruke.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu ya wino, kwa ajili ya fomula.
- Penseli na ufutio, kwa ajili ya namba za mbele. Sababu ya kutenganisha wino na penseli utaiona hatua ya 3.
- Jedwali la valensi (namba inayoonesha uwezo wa atomi kuungana na nyingine) ulilolinakili kwa mkono wako. La kupiga picha kwa simu halikai kichwani.
- Punje kiganja kimoja kimoja: choroko, mahindi na maharage. Usukumani hakuna jiko linalokosa hivi vitu.

Maabara haihitajiki, wala kemikali yoyote. Kazi yote inafanyika mezani.

Valensi za kuanzia ni hizi:

- Valensi 1: H, Na, K, Ag, Cl, na radikali (kundi la atomi linalotembea kama kitu kimoja) OH, NO₃, HCO₃, NH₄
- Valensi 2: Ca, Mg, Zn, O, S, na radikali SO₄, CO₃
- Valensi 3: Al, na radikali PO₄
- Zinazobadilika: Fe (2 au 3), Cu (1 au 2), Pb (2 au 4)

## Hatua ya 1: Eleza kwa maneno kinachotokea

Kabla ya alama yoyote, andika sentensi. Nini kimeingia, nini kimetoka.

Chukua mafundi wa kuchomelea kwa gesi. Fundi anatumbukiza vijiwe vya kijivu vya kabaidi kwenye mtungi wenye maji. Vinachemka palepale, mtungi unapata joto, na gesi yenye harufu inayokaribia ya kitunguu saumu inapanda kwenye mpira. Jioni akifungua mtungi, chini kumebaki tope jeupe. Gesi ni asetilini, tope ni kalsiamu haidroksaidi, yaani chokaa iliyozimwa. (Harufu si ya asetilini yenyewe. Inatokana na uchafu uliomo kwenye kabaidi, hasa fosfini.)

Sentensi yake:

kalsiamu kabaidi + maji → kalsiamu haidroksaidi + asetilini

Vya kushoto tunaviita vitendanishi, vya kulia ni mazao. Mshale unasema "vinageuka kuwa". Usiweke alama ya sawasawa mahali pake.

Mazao utayajuaje kama hujaambiwa? Kwa ngazi yako, mazoea manne yanakutoa sehemu kubwa:

- Kitu chenye kaboni na haidrojeni kikiungua kwenye hewa ya kutosha, hutoa kaboni dayoksaidi na maji.
- Asidi na besi hutoa chumvi na maji.
- Asidi na kabonati hutoa chumvi, maji na kaboni dayoksaidi.
- Metali kali kuliko haidrojeni, kama zinki au magnesi, ikikutana na asidi ya haidrokloriki hutoa chumvi na gesi ya haidrojeni. Shaba haimo.

Onyo: mfano wa kabaidi ni wa kusoma tu. Asetilini ikichanganyika na hewa hulipuka kwa cheche ndogo sana. Usiende kuomba kijiwe kwa fundi ukajaribie nyumbani.

Umefaulu ukiwa na: sentensi isiyo na namba hata moja, ambayo mdogo wako anaweza kuisoma kwa sauti.

## Hatua ya 2: Geuza kila jina kuwa fomula sahihi

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kisha wanalaumu kusawazisha.

Fomula hupatikana kwa kuvusha valensi. Aluminiamu ni 3, salfeti ni 2. Tatu ya aluminiamu inakwenda kukaa chini ya salfeti, mbili ya salfeti inakuja chini ya aluminiamu: Al₂(SO₄)₃. Mabano ni ya lazima radikali inapozidi moja. Ukiandika AlSO₄₃ umetengeneza kitu chenye oksijeni arobaini na tatu.

Namba zikigawanyika, zipunguze. Kalsiamu 2 na oksijeni 2 hazibaki Ca₂O₂. Zinakuwa CaO.

Elementi saba, zikiwa peke yake, hutembea mbilimbili: H₂, N₂, O₂, F₂, Cl₂, Br₂, I₂. Kariri hizi kama unavyokariri namba yako ya simu. Mwanafunzi anayeandika oksijeni ya hewani kama O ataweza kusawazisha vizuri kabisa na bado akakosa, kwa sababu hewa tunayovuta haina O moja moja za namna hiyo. Metali peke yake huandikwa wazi: Fe, Zn, Cu, Au.

Zipo fomula ambazo kuvusha valensi hakuzitoi. Kabaidi ni CaC₂ na asetilini ni C₂H₂. Hizo zikubali kama zilivyo, kama ulivyokubali majina ya wajomba zako.

Sentensi yetu sasa ni:

CaC₂ + H₂O → Ca(OH)₂ + C₂H₂

Umefaulu ukiweza kuifunika fomula yoyote kwa kidole na kujibu swali moja kuhusu iliyobaki wazi: kitu hiki kipo duniani, na ndicho kilichotajwa kwenye sentensi? Ukisitasita, rudi kwenye valensi. Usiendelee.

## Hatua ya 3: Funga fomula

Zipitishe kwa wino. Kuanzia sasa namba ndogo za chini haziguswi, hata mlinganyo ukikusumbua mpaka saa sita usiku.

Sababu yake ioneshe kwa punje. Haragwe ni atomi ya oksijeni, choroko ni haidrojeni. H₂O ni haragwe moja na choroko mbili zikigusana. Sasa tengeneza 2H₂O: marundo mawili, kila rundo haragwe moja na choroko mbili. Bado ni maji, ila yameongezeka. Kisha tengeneza H₂O₂: rundo moja, maharage mawili, choroko mbili. Kilichobadilika si kiasi, ni kitu chenyewe.

Namba ya mbele inasema vipo vingapi. Namba ya chini inasema ni nini.

Kama hilo linaonekana dogo, tazama jiko la mkaa. Mkaa ukipata hewa tele:

C + O₂ → CO₂

Ukibanwa hewa, kama ndani ya chumba kilichofungwa madirisha usiku wa baridi ya Juni:

2C + O₂ → 2CO

Tofauti ya CO₂ na CO ni kanamba kamoja ka chini. CO₂ unaitoa puani sasa hivi unaposoma. CO haina harufu wala rangi, hushika damu isibebe oksijeni, na huua watu wakiwa wamelala. Mtu anayefuta kile ka-2 ili hesabu yake ikubali hajasawazisha kitu. Amebadilisha gesi.

Angalia pia kwamba milinganyo yote miwili imesawazika barabara. Usawa haukuambii ipi inatokea. Hilo linaamuliwa na hali, yaani hewa iliyopo, joto, na mengineyo.

## Hatua ya 4: Hesabu kabla ya kugusa

Chora jedwali. Liandike hata kama mlinganyo ni mwepesi, maana mazoea ya kuhesabu kwa macho ndiyo yanayokuangusha kwenye mlinganyo mgumu.

CaC₂ + H₂O → Ca(OH)₂ + C₂H₂

| Atomi | Kushoto | Kulia |
|---|---|---|
| Ca | 1 | 1 |
| C | 2 | 2 |
| H | 2 | 4 |
| O | 1 | 2 |

Haidrojeni ya kulia inatoka sehemu mbili: mbili zimo ndani ya (OH)₂ na mbili ndani ya C₂H₂. Anayesahau sehemu ya pili huandika 2 na kudhani kazi imeisha. Pitia kila fomula, ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa kila atomi.

Kalsiamu na kaboni ziko sawa. Zinazopungua ni H na O za kushoto, na zote mbili ziko ndani ya maji. Weka 2 mbele ya H₂O, kwa penseli:

CaC₂ + 2H₂O → Ca(OH)₂ + C₂H₂

H nne kwa nne, O mbili kwa mbili. Namba moja imemaliza.

## Hatua ya 5: Fuata mpangilio, usibahatishe

Milinganyo mingine haiishi kwa mguso mmoja. Mpangilio unaofanya kazi mara nyingi ni huu: metali kwanza, kisha zisizo metali (kaboni, salfa, klorini), kisha haidrojeni, na oksijeni mwisho. Oksijeni huachwa mwisho kwa sababu huwa imetapakaa kwenye fomula nyingi, na ukiigusa mapema kila unachofanya baadaye kitaivuruga. Kanuni iliyo juu ya mpangilio huo wote: elementi iliyo peke yake, kama O₂ au H₂, iache ya mwisho kabisa, maana namba yake haimvurugi mwingine.

Gesi ya kupikia ya kwenye mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Tuanze na propani, C₃H₈. Kwamba inatoa maji unaweza kuliona mwenyewe: weka sufuria la maji baridi juu ya moto wa gesi, kisha uchungulie chini yake sekunde za mwanzo. Utaona ukungu na vitone vidogo vinavyotokea kisha kukauka sufuria likipata moto. Maji hayo yametengenezwa na moto.

C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O

Toa punje. Hindi ni kaboni. Kwa propani moja unahitaji mahindi 3 na choroko 8. Sogeza mahindi yote kulia na kila hindi ulipe maharage mawili liwe CO₂. Umetengeneza CO₂ tatu na umetumia maharage 6. Sogeza choroko mbilimbili, kila jozi uipe haragwe moja iwe maji. Zimetoka H₂O nne, maharage 4. Jumla umetumia maharage 10, na kwa kuwa oksijeni huja mbilimbili, ulihitaji O₂ tano.

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Umefaulu ikiwa hakuna punje iliyobaki mkononi na hakuna uliyoazima.

## Hatua ya 6: Radikali isiyovunjika ihesabu nzima

Watu wengi kandokando ya ziwa huzungusha kipande cha shabu kwenye ndoo ili tope lizame. Ndani ya shabu, kinachofanya kazi ni aluminiamu, na mitambo mingi ya kusafisha maji hutumia ndugu yake, aluminiamu salfeti. Ikikutana na chokaa iliyozimwa hutoa aluminiamu haidroksaidi, mabonge laini yanayonasa tope na kuzama nalo.

Al₂(SO₄)₃ + Ca(OH)₂ → Al(OH)₃ + CaSO₄

Ukihesabu oksijeni moja moja hapa utachoka bure: kushoto ziko 14, kulia 7, na zimetoka sehemu mbili tofauti. SO₄ imeingia SO₄ na imetoka SO₄. OH vilevile. Basi zihesabu kama kitu kimoja.

Al: mbili kushoto, moja kulia, weka 2Al(OH)₃. SO₄: tatu kwa moja, weka 3CaSO₄. Ca sasa ni tatu kulia, weka 3Ca(OH)₂. Kagua OH: sita kushoto, sita kulia.

Al₂(SO₄)₃ + 3Ca(OH)₂ → 2Al(OH)₃ + 3CaSO₄

Onyo: njia hii ni ya radikali iliyovuka mshale ikiwa nzima. Kabonati ikikutana na asidi huvunjika kuwa CO₂ na maji. Hapo rudi kuhesabu atomi moja moja.

## Hatua ya 7: Nusu ikitokea, usiiogope

Butani:

C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kaboni: 4CO₂. Haidrojeni: 5H₂O. Oksijeni ya kulia ni 8 na 5, jumla 13. O₂ ni mbilimbili, na 13 haigawanyiki. Hapa ndipo mwanafunzi anaanza kufutafuta, na wapo wanaorudi kuharibu fomula.

Andika 13/2 mbele ya O₂ na uendelee. Kisha zidisha kila kitu kwa 2, bila kusaza fomula yoyote:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Wako wanaokataza nusu hata kwenye karatasi ya kujaribia. Sioni kwa nini. Kwenye jibu la mwisho weka namba kamili, lakini njiani nusu inaokoa muda.

Dawa nyingine ya idadi isiyogawanyika ni kigawe kidogo cha shirika. Chuma na oksijeni: Fe + O₂ → Fe₂O₃. Oksijeni ni 2 na 3, zinakutana kwenye 6. Kwa hiyo 3O₂ na 2Fe₂O₃, na chuma kinadai 4.

4Fe + 3O₂ → 2Fe₂O₃

Kutu ya kwenye mabati na matanki ina maji pia ndani yake, kwa hiyo mlinganyo huu ni kutu iliyorahisishwa. Kwenye mtihani wa ngazi hii unatosha.

## Hatua ya 8: Kagua, kisha weka herufi za hali

Kwanza hesabu upya, kulia kwenda kushoto safari hii. Jicho lililokwisha kuridhika halioni kosa lake likirudia njia ileile.

Pili, angalia kama namba zote za mbele zinagawanyika. 4H₂ + 2O₂ → 4H₂O haina kosa la usawa, lakini lazima ishushwe iwe 2H₂ + O₂ → 2H₂O.

Tatu, kagua kwa uzito. Hatua hii wengi hawafundishwi, na mimi naiona ndiyo inayoupa mlinganyo kazi ya kufanya. Tumia H 1, C 12, O 16, Ca 40. Kabaidi: 40 + 24 ni 64. Maji mawili: 36. Kushoto jumla 100. Kulia: Ca(OH)₂ ni 74, C₂H₂ ni 26. Jumla 100.

Sasa fundi akiuliza, unaweza kumjibu: gramu 640 za kabaidi safi haziwezi kukupa zaidi ya gramu 260 za asetilini, hata ukiongeza maji pipa zima.

Fanya hivyo kwa propani. Gramu 44 za gesi zinakula gramu 160 za oksijeni. Mtungi wa kilo 6, ungekuwa propani tupu, ungemaliza karibu kilo 22 za oksijeni mpaka uishe. Hizo zinatoka kwenye hewa ya jikoni kwako. Fungua dirisha.

Mwisho kabisa, herufi za hali: (s) kitu kigumu, (l) kimiminika, (g) gesi, (aq) kilichoyeyuka majini.

CaC₂(s) + 2H₂O(l) → Ca(OH)₂(s) + C₂H₂(g)

Vitabu vingine huweka (aq) kwenye Ca(OH)₂. Inayeyuka kidogo tu. Ukiona tope, ni (s). Kuwa makini zaidi na maji: yakiwa ndiyo yaliyoyeyushia, ni (l). Siyo (aq).

## Jipime

Sawazisha bila kuchungulia majibu:

1. CaCO₃ → CaO + CO₂ (tanuri la chokaa)
2. Zn + HCl → ZnCl₂ + H₂ (asidi ikidondokea bati lililopakwa zinki)
3. CO₂ + H₂O → C₆H₁₂O₆ + O₂ (magugu maji yakiwa juani)
4. C₂H₂ + O₂ → CO₂ + H₂O (mwali wa kuchomelea)
5. Au + NaCN + O₂ + H₂O → NaAu(CN)₂ + NaOH (kuchenjua dhahabu kwa sayanaidi)

Namba za mbele, kwa mpangilio: la kwanza 1, 1, 1, maana lilikuja likiwa sawa, na waliolazimisha namba wameliharibu. La pili 1, 2, 1, 1. La tatu 6, 6, 1, 6. La nne 2, 5, 4, 2.

La tano linatisha kwa urefu tu. CN ihesabu nzima. Dhahabu moja inadai 2NaCN. Sodiamu moja inaingia kwenye NaAu(CN)₂, nyingine inabaki na kuwa NaOH moja. NaOH ina H moja, basi maji ni ½H₂O. O iliyomo kwenye NaOH, nusu imetoka kwenye maji, nusu itoke hewani, ambayo ni ¼O₂. Zidisha yote kwa 4:

4Au + 8NaCN + O₂ + 2H₂O → 4NaAu(CN)₂ + 4NaOH

Na nane kwa nane, CN nane kwa nane, H nne, O nne. Hiyo O₂ moja, ndogo kuliko zote kwenye mstari, ndiyo sababu matangi ya kuchenjulia dhahabu hupulizwa hewa. Ikikosekana, dhahabu na sayanaidi zitakaa tangi moja bila mmenyuko kusonga.